Kababu za mchuzi kwenye jungu la umeme

Jungu la umeme, lile linalopika polepole kutwa nzima, halikaangi. Wifi yangu alipolituma kutoka Muscat hakuna aliyeniambia hilo, na ningeliambiwa ningeokoa nyama na maneno mengi ya nyumbani. Joto lake linatosha kulainisha nyama mpaka ikatike kwa kijiko, lakini halitoshi kuipa rangi, halikaushi maji ya kitunguu, wala haliondoi ukali wa thomu (kitunguu saumu) mbichi. Kwenye boksi kuna picha ya nyama iliyokoza na mchuzi mzito unaong'aa, nawe unaiangalia ukidhani vitu vibichi ukivitia asubuhi vitatoka hivyo jioni. Havitoki. Kabla ya picha ile kuna mtu alisimama na kikaango, ila yeye hakupigwa.

Naandika haya kwa wenye mtu mzima au mgonjwa ndani ya nyumba na huku kazi inawatoa nje kutwa. Wenye nafasi ya kukaa jikoni jioni nzima, endeleeni na seredani zenu za mkaa, hamna mnachokosa.

Mimi nasomesha mkondo wa mchana kwenye skuli moja hapa mjini Unguja. Mume wangu ni fundi umeme kwenye hoteli huko Nungwi, anarudi mwisho wa wiki, na msimu wa wageni pengine harudi kabisa. Nyumbani Mpendae tupo na watoto wanne pamoja na mama yake, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, na mimi nimo. Kabla hajaugua, chakula cha jioni kilikuwa mkononi mwake. Nilikuwa nikiingia mlangoni karibu na Magharibi nakuta sufuria limeshaepuliwa, wali umepaliwa makaa juu ya kifuniko, na Bibi amekaa kwenye kibao chake ananiambia nimechelewa, hata kama sijachelewa.

Kiharusi kilipompata, mkono wa kulia ulilegea na upande mmoja wa mdomo ukawa mzito. Tuliporuhusiwa kutoka hospitali tulipewa masharti: ale chakula laini chenye majimaji, chumvi ipungue kwa ajili ya presha, akae wima wakati wa kula na nusu saa baada yake, na asiharakishwe. Meno yake yalikuwa yameshabaki ya kuhesabu. Nyama ya vipande ikawa haiwezi. Samaki alimweza, lakini miiba ilitutia hofu sote. Uji aliukubali siku za mwanzo, kisha siku moja akausukuma bakuli: "Mwanangu, mimi sikuzaa juzi, uji huu wa nini kila siku?"

Sasa hesabu ya siku yangu ikawa hivi: asubuhi kumwogesha Bibi na kumfanyisha mazoezi ya mkono, mchana skuli, na nikirudi ndio kwanza nawasha jiko. Isha inaadhiniwa na mchuzi bado maji. Wadogo wawili wanalala na chai na slesi. Niliwahi kuwa mtu wa maskhara na wanangu, lakini miezi ile walijifunza kutoniuliza "leo tunakula nini", maana jibu langu lilikuwa baya kuliko njaa. Hilo la kulala bila kula pamoja ndilo lililoniuma zaidi. Mchana kila mtu anakula kwa wakati wake kwa sababu ya mikondo ya skuli, kwa hiyo jioni ndio sinia pekee linalotukusanya.

Wifi yangu alisikia kwenye simu nilivyokuwa nasema, na hakusema kitu. Mwezi uliofuata mtu aliyekuwa anakuja Unguja akaletewa boksi abebe.

Ndani ya boksi kuna vitu vitatu: gamba la nje lenye waya wa umeme, chungu kizito cha kauri kinachotoka, na kifuniko cha kioo. Mbele kuna kitufe kimoja cha kuzungusha chenye alama za moto mdogo, moto mkubwa na kupasha. Langu ni la lita tano na nusu, na kwa watu saba linatosha ukilijaza baina ya nusu na theluthi mbili. Likipungua nusu linaunguza pembeni. Likijaa hadi mdomoni linachelewa mno kupata moto.

Kabla ya kuchomeka chochote, geuza gamba usome kibati cha chini. Kilichoandikwa volti 220 hadi 240 kinakubaliana na umeme wetu. Vitu vya Oman na Uingereza kwa kawaida vinakuja na plagi zile zile za miguu mitatu ya bapa tunazotumia, kwa hiyo havina shida. Vya Marekani ni volti 120. Jirani yangu aliletewa jungu la huko na mwanawe, likatafutiwa plagi ya kubadilishia, likachomekwa. Plagi ya kubadilishia inabadilisha miguu tu, haibadilishi umeme. Lilitoa harufu ya plastiki iliyoungua nyumba nzima na ndio ukawa mwisho wake.

Suala la uniti ndilo wengi wananiuliza kwanza, kwa sababu sote tunanunua umeme kabla ya kuutumia na tunaiona mita ya TUKUZA ikishuka mbele ya macho. Mume wangu alinipigia hesabu nyuma ya karatasi ya tokeni. Jungu langu kwenye moto mdogo linakula kiasi cha wati 200. Saa sita ni wati-saa 1,200, yaani uniti moja na kidogo. Jiko la koili la wati 2,000 linamaliza kiasi hicho kwa chini ya dakika arubaini. Sikuamini mpaka niliposoma mita kabla na baada. Kwa hiyo aliyekwambia kitu kinachowaka kutwa lazima kile umeme mwingi, mwambie asome wati, asisome saa.

Chakula cha kwanza nilichopika humo kilikuwa kababu za mchuzi, kwa sababu ni nyama laini na Bibi alizipenda tangu zamani. Nilifuata kijitabu kilichokuja na jungu: tia kila kitu, funika, ondoka. Jioni nilikuta kababu za kijivu zimepasuka, mafuta yamesimama juu, maji yamekaa chini, na tui limekatika vipande vipande vyeupe. Kitunguu kilikuwa kimeiva lakini kinanuka ubichi. Watoto walikula kwa adabu. Bibi alionja ncha ya kijiko, akaweka kijiko chini, akasema chakula kisichonukia moshi si chakula, na kwamba vitu vya Wazungu ni vya watu wasiokuwa na wakwe.

Maneno hayo yalinichoma, nikaanza kusoma habari za jungu lenyewe ili angalau nipate la kujibu. Kumbe aliyelibuni ni Irving Naxon, Myahudi wa Chicago, aliyepata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya ubunifu huo, mwaka 1940. Wazo alilitoa kwenye hadithi za mama yake, kuhusu chakula cha nyama na maharage huko Lithuania: watu walikipeleka kwa mwoka mikate Ijumaa kabla ya Sabato kuingia, kikalala ndani ya tanuri linalopoa usiku kucha, wakakichukua kesho yake bila kuwasha moto. Mwaka 1971 ndipo kampuni ya Rival ilipoanza kuliuza kwa jina la Crock-Pot likaenea Marekani nzima. Nilimsimulia Bibi. Alisikiliza, akafikiri, akasema: "Basi hao walikuwa wanapika bokoboko."

Na kweli. Ngano na nyama zinazolala juu ya moto mdogo, makaa yamefunikwa majivu, ni kazi hiyo hiyo. Tena Bibi alinikumbusha kitu nilichokuwa nakijua bila kukitumia: hata bokoboko, samli na kitunguu cha juu vinakaangwa mbali. Polepole inalainisha. Ladha inatoka kwenye kikaango. Tangu siku hiyo niliacha kijitabu na kupika kama ninavyojua kupika, nikiliachia jungu ile sehemu ya kusubiri tu.

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa.

Nyama nanunua kilo moja isiyo na mfupa sokoni Mwanakwerekwe, na namwambia muuzaji asitoe mafuta yote. Nyama kavu kabisa inatoa kababu kavu hata ukiipika ndani ya mchuzi. Karibu sehemu moja kwa tano iwe mafuta. Nasaga mwenyewe nyumbani kwa mashine ile ya kufunga mezani na kuzungusha kwa mkono, mara moja, si mara mbili. Ikisagwa mno inakuwa uji, na kababu zake zinabana.

Slesi nne au tano za boflo, la jana ni bora, nazitoa ukingo na kuziroweka kwenye maziwa au maji kwa dakika chache, halafu nazikamua kidogo. Boflo si la kuongezea wingi tu, ingawa linaongeza, na simwonei mtu haya kusema hivyo: kilo moja ya nyama ya vipande kwa watu saba tunaigawa kwa macho, na kilo hiyo hiyo ikisagwa inatupa kababu thelathini hivi. Lakini kazi yake kubwa ni kuyashika maji ya nyama yasitoke. Kwa mgonjwa wa kutafuna, boflo ndilo linalofanya kababu ivunjike kwa uma bila kubishana.

Natia yai moja, kitunguu kimoja kilichokunwa na kukamuliwa maji yake, kijiko cha chakula cha thomu na tangawizi iliyotwangwa, pilipili manga, uzile (bizari nyembamba) wa kusaga, mdalasini kidogo sana, kotmiri nyingi, na chumvi kijiko cha chai kisichojaa. Kitunguu usipokikamua ndicho kinachopasua kababu. Nachanganya kwa ncha za vidole mpaka vishikane, naacha hapo hapo. Mdogo wangu alikuja kunisaidia akaukanda mchanganyiko kama unga wa chapati. Kababu zikatoka ngumu, zinaruka kwenye sahani. Ukubwa wa kila moja ni gramu 40 hivi.

Kuzifinyanga nafanya usiku, nazipanga kwenye sinia, nafunika, naziweka friji zikiwa mbichi. Asubuhi zimeshikana vizuri na hazivunjiki. Kinachokatazwa, na wengi wanafanya kwa kutaka kuwahi, ni kuzikaanga nusu usiku, kuziweka friji, kisha kumalizia kesho. Nyama iliyopashwa nusu ikapoa inakaa kwenye joto ambalo vijidudu wanalipenda. Ama ilale mbichi ama uipike moja kwa moja.

Asubuhi, kabla ya kwenda skuli, nakaanga. Kikaango kiwe moto kweli, mafuta vijiko viwili vitatu, na zisisongamane. Zikisongamana zinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Nageuza pande mbili tu mpaka zipate rangi ya hudhurungi, ndani bado mbichi, na zinakwenda jungu pale pale zikiwa za moto. Kilo nzima inanichukua mafungu matatu.

Halafu mafuta yale yale yaliyobaki, pamoja na vijinyama vilivyogandia chini ya kikaango, ndiyo yanayotengeneza mchuzi, usiyamwage. Vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba mpaka vigeuke rangi, thomu, kisha bizari ya mchuzi kijiko kimoja, tungule (nyanya) ya kopo vijiko viwili na tungule mbichi tatu zilizokunwa. Navikaanga mpaka mafuta yajitenge pembeni. Hapo nanyunyiza unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula, nakoroga dakika mbili harufu ya ubichi iondoke, na natia nusu lita ya maji ya moto kidogo kidogo huku nakwangua chini.

Maji ni nusu lita, na mkono utakuwasha kuongeza. Usiongeze. Kwenye sufuria mvuke unatoka na mchuzi unakauka, lakini humu mvuke unagonga kioo na kurudi chini. Mchuzi unaoonekana mzito kupita kiasi asubuhi, jioni utakuwa sawa sawa, kwa sababu nyama na mbatata navyo vinatoa maji yao. Ukikuta bado mwepesi, koroga kijiko cha unga kwa maji baridi, mimina, washa moto mkubwa, subiri dakika ishirini.

Mbatata, kama unaziweka, ziende chini kabisa zikiwa zimekatwa ndogo, kwa sababu humu zinachelewa kuliko nyama, ajabu lakini ndivyo ilivyo. Juu yake kababu, juu yake mchuzi wa moto. Saa ya kwanza moto mkubwa, sababu nitaieleza mbele, kisha moto mdogo mpaka zitimie saa tano hadi sita, au moto mkubwa mtupu kama saa tatu. Moto mdogo na moto mkubwa vyote mwisho wake vinafika karibu joto moja, chini kidogo ya kuchemka. Tofauti ni muda wa kufika huko. Na kifuniko kisifunguliwe. Kila ukichungulia unapoteza joto ambalo linarudi baada ya dakika ishirini au zaidi. Nimekatazana na wanangu: kunusa ruhusa, kufunua hapana.

Tui zito linaingia mwisho. Kikombe kimoja, jungu likiwa limeshaiva, moto mdogo, nusu saa, basi. Tui haliwezi kukaa saa sita bila kukatika. Nazi naikuna asubuhi, tui linangoja kwenye friji. Ndimu pia mwisho, wakati wa kupakua, kwa sababu ikipikwa kutwa inapoteza ukali wake mzuri na kuacha uchungu. Viungo vizima, mfano karafuu na hiliki, punguza nusu ya unavyotia kwenye sufuria, maana kwa saa sita vinatoa kila vilichonacho. Karafuu moja inatosha jungu zima, na hilo nalisema nikiwa Mzanzibari.

Na moshi wa Bibi? Huo nao ulipata dawa. Jungu nalizima, nachukua tabaka moja la nje la kitunguu lililokaa kikombe, naliweka lielee juu ya mchuzi. Kipande kimoja cha mkaa kilichoshika moto sawasawa nakitia ndani yake, nadondoshea samli matone mawili, na kabla moshi haujakimbia nafunika. Dakika tano. Nikifunua nautoa mkaa kwa koleo bila kuugusisha chungu, na chumba kizima kinanukia kama nyumba yenye shughuli. Mara ya kwanza kufanya hivyo Bibi alikuwa chumbani kwake, na sauti yake, ambayo siku zile ilikuwa nzito, ilitoka wazi: "Nani amewasha seredani?"

Kwa mgonjwa wa kiharusi kuna mambo ya kuangalia zaidi ya upishi. Kababu nzima haipewi, hata iwe laini vipi, kwa sababu umbo lake la mviringo linaweza kuziba koo. Namvunjia kwa uma kwenye bakuli na kuisaga ndani ya mchuzi, ikiwa pamoja na mbatata ya kuponda au wali uliopikwa laini. Wali wa chembechembe unamkwama. Namlisha kidogo kidogo, kwa upande wa mdomo wenye nguvu, nahakikisha amemeza kabla ya kijiko kingine. Mgonjwa akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa na majimaji baada ya kula, mrudisheni kwa daktari, msingoje. Na vidonge vya supu tulivyovizoea viacheni kabisa. Chumvi iliyomo inatosha kuharibu kazi ya dawa za presha. Ladha inayopungua kwa chumvi nairudisha kwa ndimu, kotmiri na tungule iliyokaangwa vizuri. Watoto walilalamika wiki moja, kisha wakazoea, na wanaotaka chumvi wanaongeza sahanini.

Sasa umeme wenyewe. Aliyeishi Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya giza kisiwa kizima, hauzi seredani lake hata apewe majungu kumi. Mimi gesi ninayo, mkaa ninao, na jungu ninalo. Umeme ukikatika nikiwa sipo, swali ni moja tu: ulikatika saa ngapi na chakula kilikuwa kimefika wapi? Binti yangu mkubwa anasoma asubuhi, anafika nyumbani saa saba. Amefunguliwa ukurasa nyuma ya daftari la zamani lililoning'inizwa ukutani jikoni, na anaandika: "umekatika 8:10, umerudi 8:50." Ukikatika chakula hakijaiva, halingojwi jungu, kinahamishiwa sufuriani kwenye gesi kinachemshwa pale pale. Kikiwa kimeshaiva, kinavumilia kama saa mbili kifuniko kikiwa kimefungwa. Na kama hakuna mtu aliyekuwepo na hujui, mwaga. Inauma, nyama ni ghali, lakini vijidudu vinaongezeka vikiwa baina ya nyuzijoto 5 na 60, na humo ndimo jungu lililozimika linamokaa kwa muda mrefu.

Kuna jambo lingine linalofanana na hilo na halionekani: umeme mdogo. Kuna jioni taa zinawaka kinjano na feni inazunguka kivivu. Mume wangu alinieleza kwamba volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, joto la jungu halishuki kidogo kama unavyodhani, linabaki kama sehemu sita tu kwa kumi. Jungu linawaka, taa yake nyekundu inaonekana, na ndani nyama inaoga maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo mimi sianzi kamwe na moto mdogo. Saa nzima ya kwanza ni moto mkubwa, na nikitoka skuli nikakuta umeme ulikuwa mdogo, navunja kababu moja ya katikati. Isiwe na wekundu ndani. Baadaye mume wangu aliniletea kipimajoto cha sindano, na kwa nyama ya kusaga nataka kisome 71 kwenda juu.

Chungu cha kauri kinataka heshima. Kisitoke friji kikaingia kwenye gamba la moto, na kikiwa cha moto kisimwagiwe maji ya bomba. Binti yangu alitaka kuniwahi kuosha, akafungulia maji, tukasikia mlio mmoja mkavu. Ufa ulikuwa mwembamba kama uzi. Watu waliniambia nizibe kwa gundi. Nilikataa, kwa sababu chini ya chungu kuna waya wenye umeme na mchuzi ni maji. Tulikaa bila jungu mpaka wifi akapata mtu mwingine wa kubeba, na hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyokwisha kulizoea.

Maharage mekundu, kwa kuwa najua kuna atakayejaribu: yaroweke usiku, mwaga maji, kisha yachemshe kwa nguvu kwenye sufuria dakika kumi kabla hayajaingia jungu. Yana sumu inayokufa kwa kuchemka tu, na moto wa polepole hauiui. Nyumba moja tunayoijua walishinda chooni.

Mwezi wa Ramadhani ndipo jungu linapojilipa. Jiko limeshikwa na mbatata za nazi, muhogo, uji wa shurba na sambusa, hakuna pa kuweka sufuria jingine. Kababu zinaingia baada ya Adhuhuri, zinangoja kimya pembeni, na tukitoka tarawehe zipo za moto kwa mkate wa kumimina. Msizipashe kwenye kitufe cha kupasha mpaka daku; zaidi ya saa mbili tatu mchuzi unashika chini na kababu zinakauka.

Kinachobaki usiku nakitoa chunguni, nakitandaza kwenye vyombo vya kina kifupi kipoe haraka, na kinaingia friji kabla hatujalala. Kesho kinapashwa kwenye jiko mpaka kitokote, si kwenye jungu, maana jungu linachelewa kukipandisha moto. Kababu hazifiki asubuhi nyumbani kwangu. Mchuzi ndio unaobaki, nao nauvunjia mayai ndani yake, nafunika mpaka yashikane, na siku mume wangu akiwa ametoka Nungwi usiku, anaamka kabla hajaitwa.